Neno "Kaa" Lilivyojificha Katika Yohana 15

Kwa miaka mingi nilisoma Yohana 15 nikiona mzabibu na matawi, basi. Siku moja nikashika penseli na kuzungushia kila palipo na "kaa". Katika Biblia ya Union Version, kuanzia mstari wa 4 hadi wa 10, nilihesabu mara 10.

Lilinipitaje? Kiswahili hulivisha neno hilo vazi jipya kila linapotokea: kaeni, lisipokaa, msipokaa, akaaye, mkikaa, yakikaa, mtakaa. Ukitafuta neno zima, unalikosa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba sisi tunaojifunza Biblia kwa Kiswahili tufuate mzizi.

Mstari wa 7 ndio unaoniuma. Mara nyingi nimeusikia ukihubiriwa kuanzia "ombeni mtakalo lote nanyi mtatendewa". Lakini Yesu hakuanzia hapo. Alisema, "Ninyi mkikaa ndani yangu, na maneno yangu yakikaa ndani yenu". Kukaa mara mbili, ndipo kuomba. Wapo watu waliofunga na kukesha, na walipokosa walichoomba wakaambiwa imani yao ni haba. Hawakuwahi kufundishwa nusu ya kwanza ya sentensi. Kuikata hivyo ni kuwaonea.

Pengine mzizi nao hautoshi. Katika Ruthu 1, Kiebrania kina kitenzi kimoja, *shuv*, mara 12, ila Union Version inatupa "rudi" hapa na "rejea" pale. Yafuate yote mawili, utaona sura nzima inauliza nani anarudi wapi. Na mstari wa mwisho unamhesabu Ruthu, Mmoabi, kuwa naye amerudi, ingawa Bethlehemu si kwao!

Tangu hapo nimekuwa nikiitafuta "kaa" katika Injili nzima ya Yohana. Nimeikuta mapema, sura ya 1. Wanafunzi wawili wanamfuata Yesu, naye anageuka na kuwauliza wanatafuta nini. Wanajibu kwa swali tunaloulizana kila siku: "Rabi, unakaa wapi?" Kitenzi cha Kigiriki ni kilekile cha sura ya 15, *menō*. Hawakupewa maelezo ya njia. Waliambiwa waje, nao wataona. Wakaenda, wakaona akaapo, wakakaa kwake siku ile. Na mwandishi anakumbuka hata saa, yapata saa kumi.