Ngumi za ndani na mhuri wa mtaa

Kila mwaka kuna ubishi unaoamka Novemba 25, siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia zinapoanza, na kulala Desemba 10 zinapokwisha. Wanasheria na watetezi wa haki za wanawake wanasema mume akimpiga mke, serikali ya mtaa ikae pembeni. Kesi iende moja kwa moja polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Wenzao, ambao mara nyingi hawashiki maikrofoni, wanasema ofisi ya mtaa ndiyo mlango unaofunguka saa nane za usiku, na kwamba halmashauri ina kazi kubwa zaidi ya kuwaelekeza watu kituoni.

Nianze na wale wa kwanza, kwa sababu wana hoja ya kweli na nimeiona kwa macho. Kuna asubuhi nilikaa kwenye ofisi moja ya mtaa hapa Mwanza nikisubiri barua ya utambulisho. Mezani palikuwa na kauntabuku iliyofunguliwa, ukurasa wa malalamiko. Mstari baada ya mstari: mpaka wa kiwanja, deni la kodi ya chumba, mbuzi wa jirani. Katikati yake, mara tatu ndani ya ukurasa mmoja, jina la mwanamke mmoja, na mbele ya jina maneno yaleyale: "Ugomvi wa mume na mke. Wamesuluhishwa." Hapakuandikwa nani alimpiga nani, wala kwa kitu gani. Ugomvi, kama vile ni majogoo wawili wamekutana uani.

Hapo ndipo watetezi wanapokasirika, na wana haki. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inasema vingine. Sheria hiyo ina zaidi ya miaka 50. Lakini mbele ya wazee wa mtaa bado mama anaulizwa kwanza alimjibu nini mumewe. Baba akionekana amezidisha, anatozwa faini. Faini inatoka wapi? Inatoka kwenye hela ileile ya unga na mafuta ya taa. Aliyepigwa anarudi nyumbani akiwa amechangia adhabu ya aliyempiga.

Hoja hii siwezi kuipunguza hata neno. Inapoyumba ni pale inapodhani kwamba kutoka kitandani hadi dawati la polisi kuna barabara.

Anayeijua Mwanza anajua vilima vyake. Nyumba zimepandishwa katikati ya mawe mpaka kileleni, njia ni ngazi za kuchonga na vichochoro ambavyo watu wawili hawapishani, na gari la aina yoyote linaishia chini, lami inapoishia. Mama akipiga yowe huko juu usiku, atakayefika ni jirani, kisha mjumbe, kisha mwenyekiti wa mtaa na tochi ya simu yake. Hao ndio watakaoamua kama anashuka usiku ule kwenda polisi kuchukua PF3, fomu ya kumruhusu majeruhi atibiwe, kisha hospitali, au analala chumba cha jirani, au anarudishwa ndani. Huko visiwani ni zaidi. Ukiwa Irugwa, kufika Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, ni suala la chombo na hali ya ziwa. Kwenye kambi za dagaa kuna kalenda nyingine kabisa: wavuvi wanafanya kazi usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika, mgawo umeshatoka na vilabu vinajaa. Wanawake wanaoanika dagaa wanazijua siku hizo bila kuangalia ukutani. Kiongozi wa mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, anazijua. Ofisa aliye mbali na mwalo hana namna ya kuzijua.

Jambo la pili, na hili husahaulika kwenye makongamano: usuluhishi haukubuniwa na mwenyekiti wa mtaa. Sheria ileile ya 1971 inawataka wanandoa wapite kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya kwenda mahakamani kuomba talaka, isipokuwa katika mazingira ya pekee. Serikali yenyewe ndiyo iliyotufundisha kwamba ndoa yenye matatizo inapelekwa kwanza kwa wapatanishi. Leo tunamshangaa mzee wa mtaa kwa kupatanisha. Na huyo mzee ni wa kuchaguliwa, hana mshahara wa kazi hiyo, mara nyingi hana hata kabati la kufungia hiyo kauntabuku. Waliochaguliwa Novemba 27, 2024 waliapishwa na kukabidhiwa mihuri. Kupewa mafunzo ya siku mbili juu ya kumpokea mwanamke aliyevimba jicho, hilo linategemea kama kuna mfadhili kwenye kata yako.

Tatu, wanawake wenyewe. Wengi wanaopanda ngazi za ofisi ya mtaa hawaendi kumfunga mume. Wanataka ngumi zikome. Akikaa mahabusu, kodi ya chumba italipwa na nani, na mama mkwe atasema nini? Tunaweza kuwaambia kwamba wanakosea, na pengine katika nyumba kadhaa kosa hilo litawaua. Hata hivyo mwanamke ambaye mlango pekee aliowekewa ni wa polisi, na mlango huo hautaki, anabaki ndani. Afadhali mlango wa pili unaofunguliwa na mtu aliyefundishwa kutofautisha kutoelewana na jinai, anayejua lini aache kusuluhisha na kuita Mkaguzi wa Polisi wa Kata.

Kwenye karatasi, jambo hili lilishakubaliwa. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza 2017/18, uliagiza kamati kuanzia mtaa na kijiji hadi taifa, na ukaahidi kupunguza ukatili kwa asilimia 50 ifikapo 2021/22. Awamu ya pili ilizinduliwa 2024. Kamati nyingi zipo kama orodha ya majina ukutani.

Sasa niseme kinachonikosesha usingizi, nacho ni takwimu ya hapahapa. Watafiti wa MITU, taasisi ya utafiti wa afya ya Mwanza, na wenzao wa London waliwahoji wanawake zaidi ya 1,000 wa jiji hili waliokuwa kwenye vikundi vya mikopo midogo. Asilimia 61 walisema wamewahi kupigwa au kulazimishwa kingono na mwenzi. Asilimia 27 walisema yametokea ndani ya mwaka uliopita. Hawa hawakuwa wanawake wasio na kitu mkononi. Ni wauza vitenge, mama ntilie, wenye vibanda vya mboga, watu wenye daftari za marejesho.

Kisha wakafanya jaribio. Vikundi 66 viligawanywa kwa kura. Nusu wakapewa vikao kumi vya mazungumzo juu ya mahusiano, maamuzi ya nyumbani na namna ya kukabili ukatili, nusu wakaendelea na mikopo yao tu. Zaidi ya miaka miwili baadaye wakaulizwa tena, na matokeo yakachapishwa 2019. Walioachwa na mikopo mitupu: asilimia 27 walikuwa wamefanyiwa ukatili ndani ya mwaka. Waliopata vikao: asilimia 23.

Najua jinsi namba hiyo inavyopokelewa. Niliitaja kwenye meza moja ya kahawa, ngosha mmoja akacheka: vikao kumi, pointi nne! Lakini ihesabu vizuri. Kwenye kikundi cha wanawake 25, asilimia 27 ni karibu wanawake saba. Asilimia 23 ni karibu sita. Tofauti ni mwanamke mmoja kwenye kila kikundi ambaye mwaka ule hakuguswa. Kikundi kinachofuata, mwingine. Chukua vikundi vyote vinavyojiandikisha kwa maafisa maendeleo ya jamii wa Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili za mji huu, endelea kuhesabu, uone kama utaendelea kucheka. Na hapo waume hawakuitwa hata kikao kimoja. Ni wake tu walioketi na kuzungumza.

Kuna kipande cha pili cha utafiti huo ambacho husimuliwa kwa nadra. Vikao vilevile vilipopelekwa kwa wanawake ambao hawakuwa kwenye vikundi vya mikopo, upungufu wa ukatili haukuonekana. Maana yake, kwa ninavyoisoma mimi, ni kwamba maneno bila hela hayakutosha, na hela bila maneno haikutosha. Kilichofanya kazi ni viwili pamoja, kwenye kikundi kinachokutana kila mara na kufahamiana.

Nani katika nchi hii ana viwili hivyo chini ya paa moja? Halmashauri. Kwa sheria, kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha fedha zilivyopotea, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Mafunzo yapo kabla ya kukopeshwa: namna ya kutunza hesabu, namna ya kurejesha. Ofisa anayewafundisha ni ofisa maendeleo ya jamii, ambaye ndiye pia mtu wa MTAKUWWA. Mtu mmoja, mafaili mawili, na mafaili hayajawahi kukutana. Ninachoomba ni yakutane: vikao kumi viingie kwenye mafunzo ya mkopo.

Wapinzani wana jibu hapa pia, tena zito. Wanasema mkopo wenyewe huleta ngumi: mama akipokea hela, baba anaacha kutoa ya mboga, au anaidai kwa nguvu. Hiyo hutokea, na asilimia 27 ya wale waliokuwa na mikopo mitupu haimpi yeyote sababu ya kubisha. Wanasema pia halmashauri iliyoshindwa kulinda mikopo yake isipewe miili ya wanawake kuilinda. Hili limenichoma. Sina cha kulijibu zaidi ya kwamba ofisi ya mtaa tayari inaipokea miili hiyo kila wiki, ipewe isipewe. Na wanasema ukatili ukiwekwa chini ya maendeleo ya jamii utapoteza jina lake la jinai. Kweli kabisa, hatari ipo, na dawa yake ni mipaka iliyoandikwa: palipo na jeraha, silaha, mtoto au kurudia, hakuna kusuluhisha, ni polisi. Kauntabuku iwe na safu ya aliyepiga na safu ya alikopelekwa aliyepigwa.

Shirika la Kivulini, lililoanzishwa hapa Mwanza mwaka 1999, lilianza na viongozi wa mitaa na majirani, na halikuwa na haja ya kuwaita maadui wa haki. Mashirika lakini yanaishi kwa mradi, na mradi una tarehe ya mwisho. Mtaa hauna.

Bajeti za halmashauri hupita kwenye mabaraza ya madiwani miezi michache tu baada ya mabango ya siku 16 kukunjwa, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Nitakachokitega sikio mimi ni fungu la vikao hivyo kumi: kama lipo, ni shilingi ngapi, na ni idara gani itakayoulizwa zilikokwenda.