Mama, muko babili

Leo nimedaiwa nauli ya tumbo. Ndiyo, tumbo. Nimebeba mifuko, nimeshika mtoto mkono, jua la Oktoba linanikaanga pale nje ya soko la Kenya, hapa Lubumbashi, na manseba, kijana wa pikipiki ya abiria, ananikagua kuanzia kifuani kushuka chini kama mtu wa forodha wa mpakani Kasumbalesa mbele ya lori lililofunikwa turubai.

"Mama, muko babili. Mutalipa ya babili." Yaani tuko wawili, nilipe ya wawili.

Mimi ni mke wa mtu. Kanisani nina benchi langu. Sikupaza sauti. Nilimuuliza kwa upole: "Babili gani, mwanangu?" Akanionyesha mimi kwa kidevu, halafu tumbo kwa kidole. Mtoto wangu mdogo wa miaka mitatu, mwenye miguu, meno na mdomo usiofungwa, hakumhesabu. Huyo eti atakaa mbele kwenye tenki, "anasaidia usukani." Yaani anayeonekana anapanda bure, asiyeonekana ndiye mwenye deni.

Na kijana huyu namjua. Juzi alipita mbele ya nyumba yetu amepakia wanawake wawili, gunia la makala, yaani mkaa, na mbuzi mzima. Nikamuuliza mbuzi alilipa kiasi gani. Akasema mbuzi alikuwa mzigo. Nikasema basi na hili ni mzigo, nani anajua kuliko mimi? Akasema mzigo unafungwa nyuma kwa kamba ya mpira.

Hapo watu walishajaa. Muuza vocha alitoka chini ya mwavuli wake, fundi viatu akaja na kiatu cha mtu mkononi. Akajitokeza na kijana mwenye faili kwapani, anayesoma sheria chuo kikuu, au aliyepewa faili ashike na anayesoma. Akakohoa. "Kwa sheria, mtoto wa tumboni anahesabiwa kama amezaliwa, lakini pale tu ambapo ni kwa faida yake."

"Ni faida yake," akasema manseba. "Anafika Katuba bila kutembea."

"Hajaomba kwenda Katuba," akasema fundi viatu.

"Nani kati yetu aliomba?" akajibu mtu wa nyuma, na hapo kikao kikapoteza ajenda. Wengine wakaanza kuzungumzia Katuba ilivyokuwa zamani. Mwenye faili akataka kujua kama mimba ina miezi mingapi, akisema hilo linabadilisha mambo. Mimi nimesimama. Samaki wangu wa thomson, niliowanunua wakiwa barafu tupu, wameanza kulainika. Maji yao yamepenya mfuko, yananidondokea kwenye kidole gumba, tone kwa tone, na mguu wenyewe umevimba hata kandambili inaingia nusu. Mtoto ameona. Anatangaza kwa sauti kwamba mama anakojoa. Heshima ya benchi la kanisani ikaishia pale.

Ndipo mama mmoja mwenye beseni la ndizi akataja majina ya mapacha, akauliza taratibu: "Na kama ni Mbuyi na Kabanga?"

Macho ya manseba yaling'aa. Nikayaona yakipiga hesabu mpya: watatu! Lakini yule mama hakuwa amemaliza. "Unataka kumlipisha mama wa mapacha? Kwenu hakuna mkubwa? Endelea. Pikipiki hiyo ni yako au ya tajiri?"

Kijana akanywea. Nadhani kwao ni Kasai, na mtu aliyelelewa na Baluba hataki kesi na mapacha, hasa kesi ya pesa, hasa kabla hawajazaliwa wakajieleza wenyewe. Akafuta kiti kwa mkono wa shati. "Panda, Mwambuyi," yaani mama wa mapacha. Karatasi ya ekografi, kile kipimo cha picha ya tumbo, iko nyumbani kwenye droo, na inasema mmoja. Ila hakuna aliyeniuliza habari za ekografi.

Akanichukua kwa nauli ya mtu mmoja, kwa mwendo wa msafara wa mazishi. Kila shimo anasimama, anageuka, anasema "poleni." Tulipitwa na mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makala, naye akatupa pole. Kufika nyumbani nikatoa noti ya dola tano. Manseba akaiinua juani, akakuta kona imechanika kidogo, pengine kwa upana wa jino la panya. Akanirudishia. Mapacha wana heshima yao, lakini dola iliyochanika hapana.

Ndivyo mji huu unavyohesabu. Kwenye kulipa niko wengi. Kwenye foleni ya kliniki, ambako kila mtu kaja na tumbo lake, nakuwa mmoja, tena wa nyuma. Muuguzi akanipa vidonge vya madini ya chuma na kunishauri nile maini, mayai, matunda na maziwa. Niliandika vyote kwa mwandiko mzuri. Karatasi hiyo nayo iko kwenye droo.

Mama mkwe ananiambia nile kwa ajili ya watu wawili, halafu anakata bukari, ugali wetu, kwa ajili ya nusu.

Baba watoto naye kasoma mahali kwamba sheria ya kazi ya Kongo inampa mama mjamzito wiki 14 za likizo. Akaja kunipa habari hiyo kwa furaha kabisa, akiwa amekaa, akisubiri nimchotee maji ya kuoga. Nikamuuliza barua ya kuomba likizo naiandikia nani: sufuria au ndoo? Akasema siku hizi sina utani.

Sina, kweli. Usiku umeme hakuna, mkubwa anataka hadithi, mdogo anataka kulala juu ya tumbo, si kando, juu, na aliye ndani anajibu kwa teke. Wanagombania mpaka, na mpaka ni ngozi yangu. Nikigeuka, wote wanalia isipokuwa anayepiga mateke. Asubuhi nainamia beseni, nasahau nilikuwa nachukua nini, nabaki pale nimeinama kwa sababu kuinuka ni kazi nyingine.

Kitu ninachotaka, mkitaka kujua, ni embe bichi. Moja, lenye chumvi na pilipili. Msimu wenyewe bado, yananing'inia kijani, magumu, yanavyofaa hasa, na mti uko kwa jirani, lakini tawi nusu zima limeingia kwenye lupango yetu, uani kwetu. Nilimwambia jirani kwa adabu kwamba tawi liko kwetu. Akasema mizizi iko kwake. Nikasema majani yake nafagia mimi kila asubuhi na hili tumbo. Akasema asante sana mama, Mungu akubariki, halafu akatoka jioni kuyahesabu maembe, kwa sauti, moja moja.

Mkubwa wangu ana miaka sita na anapanda ukuta vizuri. Sijamtuma popote. Nimemwambia tu kwamba jirani Jumapili anaenda misa ya kwanza.