Gari Jipya Lenye Kasoro Ndogo: Kwa Mtu wa Malindi, Rangi Si Jambo Dogo

Niseme msimamo wangu mapema. Gari la zero kilometa likiwa na kasoro kwenye rangi au kwenye bati, na makao yako ni Malindi, liache. Kasoro ikiwa ni plastiki inayolia, swichi, redio, au chochote kinachofunguliwa kwa bisibisi kikawekwa kingine, lichukue, lakini mkiwa mmeandikiana kabla pesa haijatoka. Wauzaji magari hawatanipenda kwa hili, na hata baadhi ya jamaa zangu wananiona nakuza mambo. Sikuzi.

Shemeji yangu ndiye aliye kwenye mtihani huu sasa hivi. Anafanya kazi Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi, na kwa miaka mingi amekuwa akipanda matatu huku akiweka akiba. Juzi benki imemkubalia mkopo, na katika shorumu moja ya Mombasa amepata pikapu ya milango minne, mpya, ya kijivu kilichokoza, rangi aliyoitamani siku zote. Ndiyo moja tu iliyobaki. Alipoizunguka akaona chini ya mlango wa nyuma wa kushoto, pale bati linapopinda kuingia ndani, rangi imebanduka kiasi cha ukucha wa kidole kidogo. Mwanya kati ya boneti na taa ya kulia ni mpana kuliko wa kushoto. Dashibodi inalia gari likipita kwenye matuta. Skrini ya redio inachelewa kuwaka. Muuzaji akamwambia, “Hivyo ni vitu vidogo bwana. Mlango tutaupiga rangi kesho, hutajua palikuwa wapi.” Kisha akamwongezea mazulia na vifuniko vya viti, bure.

Dada yangu anasema achukue, kwani gari lolote litakwaruzwa na tuktuk za mjini wiki ya kwanza. Mjomba anasema kitu kipya hakiji na kovu, asiguse kabisa. Mimi naona kasoro hizo nne hazifai kutiwa kapu moja.

Tuanze na mlango, maana ndio unaoninyima usingizi. Kiwandani, bodi ya gari hutumbukizwa nzima kwenye birika kubwa la rangi ya msingi, na umeme hupitishwa ili rangi ishike kila kona, hata ndani ya mikunjo ambako hakuna brashi itakayofika. Kisha bodi huingizwa kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 150. Wakati huo ni chuma kitupu, hakuna nyaya, hakuna viti, hakuna plastiki. Gari likishaundwa, joto hilo haliwezekani tena kwa sababu lingeharibu vyote hivyo. Kwa hiyo fundi wa shorumu, awe hodari namna gani, atapiga msasa, atapaka rangi ya kukauka yenyewe au kwa joto la nyuzi 60 hivi, na ataishia hapo. Kwa macho itapendeza. Kwa kulinda bati, haifiki ile ya kiwandani.

Mtu wa Nairobi anaweza kuishi na kidonda hicho cha rangi muda mrefu bila kuona madhara makubwa. Huku kwetu hewa yenyewe ina chumvi. Kusi ikishika, gari lililolala nje kule Casuarina huamka na utando kwenye vioo, ukipitisha kidole unanata. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo bati hubaki na majimaji hata siku isiyonyesha, na majimaji ya chumvi ndiyo yanayoharakisha kutu. Tazama bawaba za madirisha ya chuma kwenye nyumba zilizo karibu na ufuo, utanielewa. Kutu ikishapata pa kuingilia haikai palepale. Hutambaa chini ya rangi ambayo bado inang'aa, na siku utakayoona malengelenge, bati limeshaliwa. Na ukingo wa chini wa mlango ndipo penye vitundu vya kutolea maji ya mvua, yaani pale pale pabichi kuliko mlango mzima. Sasa chukua mlango huo uuegeshe kutwa kando ya malundo ya chumvi ya Gongoni!

Usijipe moyo kwa waranti ya kutu. Nyingi hulipa pale kutu inapotoboa bati kutoka ndani kuja nje. Kutu iliyoanzia kwenye mkwaruzo wa nje haimo.

Shemeji alibahatika kuiona kasoro kabla haijapakwa. Ninachohofia zaidi ni gari lililokwisha kupigwa rangi kimyakimya kabla mnunuzi hajafika. Nenda mchana, na gari liwe kavu, maana maji huficha mikwaruzo. Chuchumaa uangalie ubavu wa gari kwa mshazari jua likiwa limeinama. Rangi ya baadaye mara nyingi huwa na vijivimbe kama ganda la chungwa, tofauti na mlango wa pili. Vuta mpira wa mlango. Ukiona rangi imekatika kwa mstari ulionyooka, hapo palibandikwa utepe wakati wa kupaka. Angalia bolti za bawaba kama vichwa vyake vimeguswa na spana. Fundi wa bodi aliye makini ana kipimo cha unene wa rangi, na inafaa kumlipa aje nawe. Rangi ya kiwandani kwa kawaida ni kama maikroni 100 hadi 150 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Sehemu nyingine zote zikisoma 120 na mlango mmoja ukasoma 250, uliza mlango huo ulifanywa nini, na usiridhike na “uliguswaguswa kidogo tu”.

Boneti ni ya kuuliza kwanza. Huenda haikufungwa sawa tu, fundi akilegeza bolti na kuisogeza mwanya unalingana. Huenda pia gari liligongwa likishushwa melini au likiwa juu ya lori. Nilimwambia shemeji wairekebishe mbele ya macho yake. Ikikataa kukaa sawa, tatizo liko kwenye chuma kilicho chini yake, na hapo sioni tena cha kujadiliana.

Dashibodi na skrini zisimsumbue. Plastiki inayolia hutiwa kitambaa cha kubana, skrini hubadilishwa programu au huwekwa nyingine. Kuna na mengine yanayomtisha mnunuzi bure. Diski za breki zikiwa na kutu nyepesi kwa sababu gari limesimama yadini, breki chache za kwanza zitaisafisha. Tairi zikiwa ngumu mno, huenda bado zina upepo wa safarini, kwani magari husafirishwa na upepo mwingi ili tairi zisipate ubapa kwa kusimama. Ila soma tarehe ya tairi ubavuni, tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka: 1423 ni wiki ya 14 ya mwaka 2023. Itakudokezea gari limemsubiri mnunuzi kwa muda gani.

Taa ya onyo ikiwaka kwenye dashibodi, nunua baada ya kuzimika na kuelezwa kwa nini iliwaka. Mwambie pia mwenye shorumu alimwagie gari maji kwa mpira, milango imefungwa, kisha wewe upapase chini ya mazulia. Kwa mvua zetu za mwezi wa Mei, gari linalovuja litaoza sakafu.

Lililo muhimu kuliko yote kwa mnunuzi ni maandishi, na hapa ndipo wengi hupoteza haki yao. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na fidia akipata hasara au madhara kutokana na kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nayo inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora wa kuuzika. Lakini sheria hiyo hiyo inasema ukishakikagua kitu, ulinzi huo hauhusu kasoro ambazo ukaguzi wako ulipaswa kuzifichua. Maana yake shemeji akiuona mlango ule, akanyamaza, akatia saini, mwakani hawezi kuja kulalamika kwamba ulikuwa na kidonda. Tena ukishalipokea gari ukakaa nalo, mara nyingi unachobaki nacho ni madai ya fidia. Kulirudisha inakuwa shida.

Kwa hiyo kila kasoro itajwe kwenye mkataba wa mauzo: ni ipi, itatengenezwa vipi, kwa kipuri kipya au kwa kurekebisha, kufikia tarehe gani, na isipotengenezeka nini kitafanyika. Saini ya meneja na mhuri. Ujumbe wa simu kutoka kwa kijana wa mauzo si mkataba. Kesho atahamia kampuni nyingine.

Tena yote yafanyike gari likiwa bado kwao. Benki ikishamlipa muuzaji, wewe ndiwe utakayeanza kubembeleza. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, na anayeijua foleni ya Mtwapa anajua kwamba kila “njoo Jumatatu” ni siku ya kazi imepotea, pamoja na mafuta yake.

Zawadi za muuzaji nilimwambia azikatae. Vifuniko vya viti haviwezi kulipia mlango. Hata punguzo la bei, ambalo kwa dashibodi inayolia lingekuwa la haki, kwa bati lililo wazi silikubali, kwa sababu hakuna anayejua kutu itakula kiasi gani. Aliye tayari kuvumilia mikwaruzo ana njia yake ya halali, nayo ni gari la mtumba kutoka Japani lisilozidi miaka minane, kama kiwango cha Kenya cha ukaguzi wa magari, KS 1515, kinavyotaka. Atalipa pesa pungufu na anajua tangu mwanzo kwamba lilitumika. Anayelipa bei ya kitu kipya, basi apewe kitu kipya.

Wapo watakaosema wabadilishiwe mlango mzima. Nimelifikiria hilo. Mlango mpya nao utakuja na rangi ya msingi tu, kisha utapakwa kijivu katika gereji ile ile, na rangi hiyo ya juu haitakuwa imepita tanurini.

Shorumu hiyo inasema kuna pikapu nyingine itakayofika mwezi ujao, ila ni nyeupe. Shemeji haitaki, anasema kila pikapu ya Gongoni ni nyeupe. Mimi namhimiza aingoje. Nyeupe haishiki joto kama kijivu kilichokoza, na kutu ikianza doa lake la kahawia huonekana mapema, kabla halijafika mbali. Kinachombana ni barua ya benki, ambayo ina muda wake, kwa hiyo kesho asubuhi ataanzia huko kuomba waiongeze, kisha ndipo ampigie muuzaji.