Wi-Fi imekufa tena

Walahi mie n'shachoka. Kila nikisasisha Linux, mfumo unaoendesha laptopu ya dukani hapa Darajani, Wi-Fi inakufa. Jana mteja kasimama, ataka kuchapishiwa tiketi ya boti ya mchana, mie nahangaika na waya wa simu nipate intaneti. Kiwanda cha kadi ya Wi-Fi kimeuficha msimbo wa draiva, yaani programu inayoiendesha hiyo kadi, hata maelezo ya chipu hakitoi. Keneli, kiini cha Linux, ikibadilika, draiva iliyofungwa inabaki palepale, haziendani tena. Halafu wanaotukanwa ni watunza keneli, na wengine wanajitolea tu! Richard Stallman, mtunga programu wa Marekani, alinyimwa msimbo wa printa, akaja kutangaza GNU, mradi wa programu huru, mwaka 1983. Leo bado tumo mumo humo. Fundi jirani ananambia, "Rudi Windows, bwana." Sirudi ng'o. Nimeagiza kidude cha Wi-Fi cha kuchomeka, ambacho draiva yake imo ndani ya keneli. Kinakuja na boti ya kesho.