Slabu za juu Mbeya na Iringa: bodi za fomu au pumisi ya kwetu?

Siku hizi ukipita Isyesye, Uyole, ukaenda mpaka Gangilonga kule Iringa, unaona watu wengi wanataka nyumba ya kisasa, ile isiyoonekana paa. Wengi wanajenga paa la kuficha, yaani kenchi na bati lenye mteremko mdogo nyuma ya ukuta wa parapeti, ila wapo wanaomwaga slabu kabisa, yaani paa bapa la zege, juu wanaweka tangi, sola, kamba za kuanikia nguo, na wengine wana mpango wa kupandisha ghorofa mbeleni hela ikipatikana. Hawa wa slabu ndo nataka tuongee nao leo, maana naona wengi wanamaliza zege, wanapaka wotaprufu, wanahamia, halafu mwezi wa sita ukiingia ndo wanajua walichosahau.

Slabu tupu huku nyanda za juu inakula jua mchana kutwa, ikifika usiku wa Juni au Julai, anga limefunguka halina wingu, inapoa kuliko hata hewa ya nje. Sasa nyie mko ndani, mmepika, mmeoga maji ya moto, mmewasha jiko la mkaa sebuleni (ambalo kwa kweli msiliwashe mkiwa mmefunga madirisha, linaua), hewa imejaa unyevu, ule unyevu ukigusa dari la baridi unageuka maji. Asubuhi unakuta matone yamedondokea kwenye neti. Mtu anamwita fundi anamwambia paa linavuja, fundi anapaka lami nyingine juu, na mwakani matone yako palepale, kwa sababu yale maji hayakutoka juu hata siku moja, yalitoka kwenye sufuria na kwenye pumzi zenu.

Kwa hiyo insulesheni, yaani tabaka la kuzuia joto na baridi, inahitajika, hapo sioni ubishi. Ubishi uko kwenye aina gani itakayodumu, na kambi ni mbili. Kuna wanaosema nunua bodi za fomu za kiwandani, ndo teknolojia, dunia nzima inatumia. Na kuna wanaosema Mungu ametupa pumisi, yale mawe mepesi yanayoelea kwenye maji, ya nini kuagiza bodi Dar wakati mlima Rungwe ulilipuka kama miaka 4,000 iliyopita ukatumwagia mzigo wa bure? Mimi nimewasikiliza wote wawili kwa muda mrefu, na kilichonifanya niandike ni paa la mama mdogo, Tukuyu.

Mama mdogo alimaliza slabu miaka mitano iliyopita. Fundi akamwekea stairofomu nyeupe, juu yake skridi nyembamba (tabaka la mchanga na saruji), juu ya skridi membreni, yaani shiti la lami la kuzuia maji, ile ya kuchoma na moto wa gesi. Mwaka wa tatu chumba kimoja kikaanza kuvuja, mwaka huu vitatu. Nilipanda juu na fundi mwingine, kila tukikanyaga katikati ya paa panabonyea kidogo kama godoro, na kwenye yale mabonde maji yalikuwa yamesimama yameota ukijani. Fundi akakata membreni kwa kisu, kipande cha mraba kama karatasi ya daftari, akang'oa skridi kidogo, maji yakajaa kwenye lile shimo hapohapo tunaangalia. Ile stairofomu ilikuwa ya zile wanazofungia tivii, punje zake unazibandua kwa kidole, karibu na ukuta wa parapeti haikuwepo kabisa, iliyeyuka siku ileile ya kuchoma membreni maana pale skridi haikufika, ikaacha uwazi, na ndani ya uwazi sisimizi wamejenga. Mama mdogo alikuwa amesimama kwenye ngazi anaangalia, akauliza tu, "sasa mwanangu hii hela yote niliilipia nini?" Sikuwa na jibu la kumpa pale juu, ndo nikarudi nikaanza kusoma na kuuliza.

Kwanza tuwe waaminifu kwa fomu, maana kosa la lile paa sio la fomu zote. Kuna EPS, hiyo nyeupe ya punje, na kuna XPS, bodi ngumu, mara nyingi ya rangi ya bluu au pinki au kijani, ukiikata ndani imeshikana haina punje. EPS inapimwa kwa uzito, kuna ya kilo 15 kwa mita ya ujazo, kuna ya 20, 25, 30. Ya kufungia bidhaa haikutengenezwa kukanyagwa. Kama mnataka EPS kwenye slabu msishuke chini ya 20, na njia ya kuhakiki ni rahisi kabisa, chukua bodi ya mita moja kwa mita moja yenye unene wa sentimita 5, iweke kwenye mizani ya duka. Ikisoma kilo moja hiyo ni ya 20. Ikisoma robo tatu, hiyo ni ya 15, mrudishie mwenyewe. Na EPS inaanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi, kwa hiyo moto wa gesi na EPS iliyo wazi havikai pamoja, na petroli au gundi zenye tina zinaiyeyusha kama sukari.

XPS ni kitu kingine. Inakunywa maji kidogo sana, inabeba mzigo mkubwa zaidi, na kwa kuzuia joto sentimita 5 zake ni sawa na zege la kawaida lenye unene wa mita mbili na nusu. Soma tena hapo, mita mbili na nusu. Ukitaka kufika hapohapo kwa zege la pumisi, yaani pumisi badala ya kokoto, utahitaji sentimita 30 mpaka 40 kutegemea mchanganyiko, na likiwa kavu. Kwa hesabu hiyo kambi ya fomu inaonekana imeshinda mapema, na hapo ndo wengi wanafunga mjadala.

Lakini hebu tujiulize tunazuia baridi gani. Zile sentimita 10, 15, 20 za bodi tunazoziona kwenye video ni za Ulaya, nje kuna barafu ndani hita inawaka miezi sita, kila joto linalotoka ni hela. Mbeya mjini nani anawasha hita usiku kucha? Kazi kubwa ya insulesheni huku ni mbili, dari lisitoke jasho, na slabu isipate moto mkali mchana na baridi kali usiku kila siku mpaka ipasuke nyufa. Slabu ya sentimita 15 yenyewe inazuia joto kidogo mno. Ukiweka juu yake sentimita 10 za zege la pumisi umeongeza kinga zaidi ya mara 4 ya ile iliyokuwa kwenye slabu, na nimepiga hesabu ya usiku wa baridi wa Julai, kwa chumba cha kawaida chenye watu wawili watatu, hiyo inatosha jasho lisitoke. Haitafanya chumba kiwe cha moto, nisiwadanganye, ila matone kwenye neti yanakwisha.

Na pumisi haiozi, haitafunwi na panya, haiungui, unaikanyaga unavyotaka, na fundi yeyote wa Mwanjelwa anajua kuchanganya zege. Wakati huohuo unaitumia kutengeneza slopu, yaani mteremko wa maji, upande wa mbali sentimita 15, upande wa bomba sentimita 5, kwa hiyo kazi mbili zimefanyika kwa mkupuo mmoja. Kwa kudumu, kuba la Pantheon kule Roma, sehemu ya juu walitumia zege lenye pumisi, na limesimama miaka 1,900 hivi. Bodi ya fomu haijawahi kufikisha hata mia.

Wa fomu watasema uzito. Kweli, zege la pumisi la sentimita 10 ni kama kilo 80 hadi 100 kwa kila mita ya mraba, wakati XPS ya sentimita 5 ni kilo moja na nusu mpaka mbili. Ni hoja nzito na kama slabu imeshamwagwa muulizeni mhandisi kabla ya kupandisha ndoo ya kwanza. Ila XPS nayo, ukiiweka vizuri yaani juu ya membreni, lazima uilalie kokoto au vigae vya zege, kwanza kwa sababu jua la huku juu linaila inageuka unga, pili kwa sababu inaelea maji yakijaa, tatu upepo, na wa Makambako wananielewa. Kokoto za sentimita 5 ni kilo 80 hivi kwa mita ya mraba. Kwa hiyo tumerudi kulekule kwenye uzito.

Sasa hapo niliposema juu ya membreni pana hoja ambayo kwangu ndo nzito kuliko zote upande wa fomu. Tumezoea insulesheni chini, membreni juu. XPS inaruhusu kugeuza, membreni inakaa kwenye zege, bodi juu yake, kokoto juu ya bodi. Membreni haioni jua tena, haikanyagwi, haipandi nyuzi 60 mchana na kushuka karibu na sifuri usiku, na kinachoua membreni ni hicho hasa. Na ikivuja unaondoa kokoto, unanyanyua bodi, unaona tobo, unaziba, unarudisha bodi zilezile. Jaribu kufanya hivyo kwenye pumisi iliyolala chini ya membreni, maji yakiingia hapa yanatembea ndani ya pumisi yanatokea chumba kingine mita sita mbele na utakata paa zima kutafuta tundu moja.

Huo ndo udhaifu wa pumisi na wenzetu wa kambi ya asili huwa wanauruka. Pumisi ni matundu matupu, inakunywa maji. Pumisi iliyolowa haizuii kitu, maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Ukiimwaga Novemba mvua zimeshaanza, ukaifunika na membreni kabla haijakauka, jua likitoka yale maji yanakuwa mvuke, membreni inavimba malengelenge, na malengelenge yakipasuka kazi imekwisha.

Ndo maana sikubaliani na anayetoa jibu moja kwa ukanda mzima. Iringa wazee wa Kihehe walikuwa na tembe, paa bapa la miti na udongo mzito, na lilifanya kazi kwa sababu mvua za kule ni chache na kiangazi kirefu, udongo unapata muda wa kukauka. Wanyakyusa hawakujenga tembe, walisimamisha paa la nyasi lenye mteremko mkali, maana Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Hao wazee walikuwa wanasoma mvua, na pumisi inatudai tuisome hivyohivyo. Iringa, na hata Mbeya mjini ukianza kazi Juni, pumisi inakauka vizuri kabisa na mimi ningeichagua bila wasiwasi, membreni juu yake, na juu ya membreni vigae au rangi nyeupe ya kurudisha jua. Tukuyu hapana. Tukuyu kitu kinachokunywa maji usikifungie kwenye paa.

Pamba ya mawe na pamba ya glasi sizisemi sana, ni nzuri juu ya dari la paa la kuficha, haziungui, na huko ni bora kuliko kutandaza fomu kwenye mbao na nyaya za umeme, ila kwenye slabu zikilowa mara moja zimekwisha. Poliyurethani, ile ya vyumba vya baridi vya parachichi, inazuia joto kuliko zote kwa unene uleule lakini sijaona kwa nyumba ya kawaida inalipa. Na kuna anayesema piga bati juu ya slabu yote haya yaishe. Kwa Tukuyu simpingi, ni ushauri wa maana, isipokuwa mama mdogo anataka kupandisha ghorofa kwa ajili ya wajukuu na hataki kujenga kitu cha kubomoa.

Kwa hiyo tumekubaliana naye hivi. Takataka yote inatoka, slabu inaachwa wazi ikauke, kazi yenyewe Septemba ambapo mvua imepungua. Slopu ya skridi ya kawaida, sentimita 1 kwa kila sentimita 40, mabomba ya kutolea maji mawili badala ya moja ili moja likizibwa na jani la mgomba lingine lifanye kazi. Membreni, kisha XPS ya sentimita 6 badala ya 5, kwa sababu mvua ya baridi inapita chini ya bodi na kuiba joto kidogo, halafu kokoto. Ila kabla bodi haijalala, tunaziba mabomba yote mawili kwa mifuko ya mchanga, tunajaza maji, yanakaa siku mbili nzima. Fundi alisema masaa manne yanatosha, mama mdogo akamwambia siku mbili, na usiku wote huo yeye mwenyewe atalala kwenye kile chumba kilichovuja kwanza, tochi mkononi, anaangalia dari.