Hakikuwa na pembe

Kwanza niweke sawa jambo moja, maana najua Shemeji ameshawafikia na toleo lake la kile kichwa kilichotokea ukutani ofisini: kichwa cha Mzee, mkurugenzi wetu, hakikuwa na pembe. Wala hakikutoa ulimi. Kile kilichokuwa mdomoni ni paja la kuku, na alilitia mwenyewe, kwenye sherehe ya ofisi ya kufunga mwaka, watu wote wakiona. Mimi nilipiga picha tu.

Haya, nilipiga picha, nikakata kichwa, nikakizungusha. Hayo nakubali.

Mnaotumia Linux mnaujua huu ugonjwa wa kuirembesha mashine. (Nyie wa Windows kaeni pembeni kidogo, mtacheka mbele ya safari.) Unaanza na picha ya nyuma ya skrini, unahamia kwenye aikoni, mwisho unafika kwenye kishale cha kipanya. Unajaribu vishale vya Bibata, unajaribu vya Capitaine, ukirudi Adwaita, vile vilivyokuja na mashine, unajiona kama umevaa viatu vya shule. Halafu usiku mmoja unagundua kwamba thimu ya vishale, yaani seti yake nzima, ni folda tu ndani ya ~/.icons, na kuna kiprogramu kinaitwa xcursorgen kinachogeuza picha yoyote ya PNG kuwa kishale. Yoyote! Mtu anaambiwa hivyo saa tano za usiku, alale?

Nilichokitamani mimi ni kishale cha kusubiri, kile kinachozunguka mashine ikizidiwa. Na ofisini kwetu ukisema kusubiri, jina linakuja lenyewe. Ripoti inasubiri saini ya Mzee, gari linasubiri ufunguo wa Mzee, mshahara ndiyo usiseme. Basi nikachukua kichwa chake na kuku wake, nikatengeneza picha 12, kila moja imepinda nyuzi 30 kuizidi iliyotangulia, kila moja inakaa milisekunde 80. Mzunguko mzima, sekunde moja hivi. Saizi nikaweka 96 ili mvi za kidevuni zionekane. Faili nikaliita watch, nikaliunganisha na wait na left_ptr_watch, majina ambayo programu huitia kishale cha kusubiri, na kwa kuwa najiona fundi, nikaongeza na mstari kwenye ~/.profile, faili linalosomwa ukiingia kwenye mashine: export XCURSOR_THEME=Mzee, yaani tumia vishale vya Mzee.

Ukumbukeni huo mstari. Mimi niliusahau.

Shemeji alipokiona alicheka mpaka akakaa sakafuni. Wiki tatu tukaishi kwa raha, yaani nilikuwa nafungua mafaili mazito makusudi.

Jumatano wageni wakaja kuangalia ramani za kijiji tunachokipima, na laptopu ya kuunganisha na projekta ikawa yangu. Msinione mjinga, nilijiandaa. Asubuhi ile nilifungua Tweaks, programu ya kubadilishia mwonekano, nikarudisha Adwaita, nikapitisha kishale huku na huku. Safi kama kanzu ya Ijumaa. Kumbe Tweaks inawatangazia GNOME, yaani mazingira ya skrini yenyewe, na jamaa zake, programu zilizojengwa kwa GTK. QGIS, programu yetu ya ramani, ni ukoo mwingine, imejengwa kwa Qt, na yenyewe ikiamka inamsikiliza kwanza yule XCURSOR_THEME wa kwenye ~/.profile. Hayo nimeyajua baadaye, nikiwa nimejifungia chooni na simu.

Sasa. Watu tisa mezani. Ramani ya mipaka iko ukutani. Mzee amesimama mbele, suti ya kijivu, rula ya kuonyeshea mkononi, amewageukia wageni, ukuta uko mgongoni kwake. Akasema, "Kijana, tufungulie picha ya droni." Nikabonyeza. Faili la gigabaiti nne. QGIS ikaganda.

Kikatokea.

Kwenye laptopu kilikuwa kama biskuti. Ukutani kilikuwa kama sinia la pilau. Mdomo wazi, macho nusu, paja la kuku. Taratibu kikalala ubavu wa kulia, kidevu kikaja juu, paja likaelekea mbinguni, kikamalizia ubavu wa kushoto, kikarudi wima. Kikaanza tena.

Nikasogeza kipanya ili nikifiche. Kichwa nacho kikasogea, si ndicho kipanya chenyewe! Kikapita juu ya shule ya msingi. Kikakata shamba la mkonge. Nikakivuta kwenda kona ya chini, kikaenda kutulia juu ya makaburi, kinazunguka. Na jamani, anayezungusha kishale si QGIS, ni Xorg, mtambo unaoendesha skrini, kwa hiyo programu hata ikiganda kama jiwe, kishale kinaendelea. Ukutani mzima hakuna kilichokuwa kinatikisika isipokuwa Mzee.

Nikakikimbiza juu, nje ya dirisha, kwenye upau wa GNOME. Pale kikageuka mshale mweusi wa Adwaita, mpole, kama mtoto aliyevunja glasi. Nikashusha pumzi. Picha ikafunguka.

"Mnaona ukubwa wa kazi?" Mzee akawauliza wageni. Walikuwa wanaona. Mmoja alikuwa ameuma leso.

"Sasa tufungulie na ile ya mwaka juzi, tulinganishe." Na safari hii akageukia ukuta.

Wadau, ningeweza kusema faili limepotea. Ningeweza kuzimia. Nilibonyeza.

Mama mmoja mgeni akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mkurugenzi, yule si wewe?"

Mzee akasogea mpaka ukutani. Vichwa viwili sasa, chake na chake, vimeachana kama hatua moja. Hakusema kitu. Kile cha ukutani kilipolala upande, na yeye akainamisha chake kidogo kukifuata, ili akisome vizuri.

Nikachomoa waya. Ulikuwa wa chaji. Nikachomoa mwingine.

Ukuta ukawa bluu, chai ikaletwa mapema, maandazi yakasifiwa kupita kiasi, wageni wakaaga, nikafuta folda, nikafuta mstari, nikatoka na kuingia upya mara mbili. Shemeji alikuwa ameshaandika kwenye grupu hata kabla sijaupata waya wa pili, na pembe zake.

Alhamisi Mzee akaja mezani kwangu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Sikuulizi habari za picha. Nakuuliza hivi: vishale viko vingi, kuna cha kuonyesha, kuna cha kuandikia, kuna kile cha mkono. Kwa nini mimi ndiye wa kusubiri?"

Nikamwambia, "Mzee, mkubwa ndiye anayesubiriwa."

Akanitazama kama sekunde moja hivi, mzunguko mmoja kamili, akaondoka.