Homa iliyoandikwa na homa iliyomlaza mgonjwa

Takwimu za wagonjwa wanaolazwa kwa homa katika hospitali zetu za mikoa huzisoma kwa tahadhari, kwa sababu mara nyingi zinaeleza alichodhani daktari wakati wa kumpokea mgonjwa kuliko kilichomlaza.

Shaka hiyo imetokana na utafiti wa Moshi. Kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa KCMC, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini, na Hospitali ya Mkoa ya Mawenzi, wakapima damu zao kwa vipimo ambavyo wodi ya kawaida haina. Malaria ilikuwa imeandikwa kwa wagonjwa 528. Iliyothibitika ikawa ya wagonjwa 14 tu. Waliougua magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama walikuwa 118, wakiwamo 40 wa leptospirosisi, inayoenezwa na mkojo wa wanyama, mara nyingi kupitia maji, na 24 wa homa ya Q, inayoenezwa na mifugo, hasa inapozaa. Wengine 55 walikuwa na chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao ambaye ugonjwa wake ulishukiwa siku anapokelewa.

Julai 2022, wizara ilipotangaza Homa ya Mgunda mkoani Lindi, tuliipokea kama mgeni. Kumbe ndiyo leptospirosisi ile ile.

Siwalaumu madaktari wa zamu ya usiku, wenye foleni ndefu na maabara isiyoweza kuotesha damu ili kuona bakteria waliomo. Kipimo cha haraka cha malaria kimesaidia, ingawa sasa mgonjwa akikutwa hana malaria huandikiwa taifodi au UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kama kifuta machozi.

Niliwahi kumuuguza mjomba wangu wodini. Aliulizwa homa ilianza lini, kama anatapika, kama anaharisha. Hakuulizwa kuhusu ng'ombe, ilhali wiki mbili kabla alikuwa amemzalisha ng'ombe wake kwa mikono mitupu, akaosha damu kwa maji ya ndoo na kwenda kula. Kipimo cha malaria kilitoka hasi. Sindano za malaria zikaendelea. Alipona, na hadi leo hatujui aliugua nini.

Swali la mifugo, kupe na mashamba ya mpunga halihitaji maabara, na ningependa kila anayelazwa kwa homa aulizwe. Majibu yakikosekana, faili liandikwe "homa, chanzo hakijathibitishwa", na mganga mkuu wa mkoa apelekewe hesabu ya mafaili ya namna hiyo kila mwezi, hata kama yatazidi yale ya malaria.